Fimbo ya Mbali: Rais Mpya wa Marekani Hubadili Nini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kunisikiliza, nawashukuru.

Alhamisi ya tarehe 6 Novemba 2008 ilikuwa siku ya mapumziko Kenya nzima. Rais Mwai Kibaki ndiye aliyeitangaza, na wala haikuwa sikukuu yetu yoyote. Ilikuwa kwamba siku mbili kabla yake Wamarekani walikuwa wamemchagua mtu ambaye baba yake ni Mkenya. Kwa kuwa sikuwa na vipindi vya kufundisha, nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu alikuwa amekata picha ya Barack Obama kwenye gazeti akaibandika juu ya kioo, na siku hiyo alikuwa akinyoa kwa nusu ya bei. Alinihesabia kwa vidole yatakayotokea: kambi ya Guantánamo ya washukiwa wa ugaidi itafungwa, vita vya Iraki vitakwisha, na shemeji yake aliyenyimwa viza mara mbili atapewa. Nikamuuliza, je, wakimpinga? Akazima mashine, akanitazama kupitia kioo, akasema: "Mwalimu, rais ndiye rais."

Nimekaa na maneno yale matatu miaka mingi, na mada mliyonipa leo, yaani kama kuchagua rais mpya kunaweza kweli kuibadili siasa ya Marekani, ni yaleyale maneno ya kinyozi wangu yaliyovishwa suti. Sitamcheka. Alikuwa akipima kwa kipimo alichokijua, kwani sisi tulilelewa chini ya marais ambao wakikohoa, wilaya nzima huugua mafua. Tena alikuwa akipima kwa kile alichokiona, na hapo ndipo penye jambo lenyewe, kwa sababu rais wa Marekani anayeonekana kutoka huku kwetu ni mtu tofauti na yule anayeonwa na mkulima wa Iowa au muuguzi wa Ohio.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya rais wa Marekani ina tabia ya kinyume. Akiinyanyua nyumbani kwake, hukamatwa na mikono mingi kabla haijashuka. Akiielekeza mbali, kwa watu wasio na kura wala seneta wa kumlilia, hushuka siku hiyohiyo. Ninachotaka kuwaonyesha leo ni kwamba rais mpya hubadili mengi sana kwa walio nje, hubadili machache kwa walio ndani, na hubadili machache zaidi katika zile kanuni ambazo kwazo madaraka hupatikana na kugawanywa nchini mwake.

Nianze na Guantánamo, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia katika hesabu ya kinyozi, na kwa kuwa kisa chake kinapita katika pwani yetu. Kambi ile ilipokea wafungwa wake wa kwanza tarehe 11 Januari 2002, katika utawala wa George W. Bush, kwenye kipande cha ardhi ya Cuba ambacho Marekani imekikodi tangu mwaka 1903. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Wanasheria wa serikali waliamini kwamba mtu akifungwa nje ya ardhi ya Marekani, mahakama za Marekani hazitamfikia. Watu wapatao 780 walipitishwa pale kwa jumla, na kuifungua kambi hiyo hakukuhitaji mswada wala mjadala bungeni.

Kuifunga kulikuwa jambo jingine. Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili baada ya kuapishwa, Obama alikaa mezani, majenerali wastaafu wamesimama nyuma yake, akatia saini amri kwamba kambi ifungwe ndani ya mwaka mmoja. Alikuwa na kila kitu ambacho rais anaweza kukitamani: ushindi mkubwa, sifa duniani kote, na chama chenye wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Miezi minne baadaye, tarehe 20 Mei, Seneti ilipiga kura kumnyima dola milioni 80 alizoziomba kwa kazi hiyo. Matokeo yalikuwa 90 kwa 6, na zaidi ya nusu ya wale 90 walikuwa watu wa chama chake mwenyewe.

Kilichowatisha ni nini? Kuifunga Guantánamo kulimaanisha kwamba baadhi ya wafungwa wangeletwa bara, wafungwe na kushtakiwa katika ardhi ya Marekani, na hakuna seneta aliyetaka mpinzani wake aoneshe kwenye televisheni tangazo la kwamba fulani amewaletea magaidi jirani na nyumba yenu. Mtu wa kwanza kuhamishwa kutoka kambini hadi mahakama ya kiraia alikuwa Mzanzibari, Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshtakiwa kwa mashambulizi ya Agosti 1998 dhidi ya balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Alipelekwa New York mwezi Juni 2009. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwondolea mashtaka 284, likamtia hatiani kwa shtaka moja, na kwa shtaka hilo moja akahukumiwa kifungo cha maisha. Ungedhani kifungo cha maisha kinatosha kuwaridhisha watu, lakini Bungeni walizihesabu zile 284. Mwanzoni mwa 2011 Obama alitia saini sheria ya bajeti ya ulinzi iliyopiga marufuku kutumia hata senti moja kumleta mfungwa yeyote wa Guantánamo ndani ya Marekani. Aliitia saini huku akiilalamikia, kwa sababu katazo lile lilikuwa limefungwa pamoja na fedha za jeshi, na ni vigumu rais kuzikataa fedha za askari wake.

Sasa tazameni upande wa pili. Rais huyohuyo aliyeshindwa kumhamishia mfungwa mmoja katika gereza la Illinois, aliweza kuwatawanya wafungwa karibu 200 katika nchi za watu. Oman ilipokea 10 kwa mpigo Januari 2016. Alikuta wafungwa wapatao 240, akaacha 41. Mlango wa kuwapeleka mbali ulikuwa wazi. Mlango wa kuwaleta karibu ndio uliopigwa kufuli. Na yupo Mkenya mmoja aliyekamatwa hapa Mombasa mwaka 2007, Bush akiwa madarakani, akapelekwa Guantánamo, akaikuta miaka yote minane ya Obama, akaikuta minne ya kwanza ya Donald Trump, akarudishwa Kenya Desemba 2024 katika majuma ya mwisho ya Joe Biden, bila kufunguliwa shtaka lolote. Marais wanne. Sijui kama aliwahi kuambiwa kwamba tulikuwa na mapumziko kwa furaha.

Mtaniuliza, mikono hii inayoikamata fimbo ilitoka wapi? Ilitengenezwa Philadelphia katika kiangazi cha mwaka 1787, na watu waliokuwa wametoka vitani dhidi ya mfalme. Katiba yao haianzi na rais. Ibara ya kwanza, ndefu kuliko zote, ni ya Bunge, na mfuko wa fedha umewekwa humo. Rais anakuja katika ibara ya pili, mahakama katika ya tatu. Wakaongeza Seneti ambamo kila jimbo, liwe dogo au kubwa, lina maseneta wawili, jambo ambalo sisi Wakenya tunalielewa vizuri kwa kuwa katika Seneti yetu Lamu na Nairobi kila mmoja humchagua seneta mmoja. Wyoming haifikishi watu laki sita. California ina milioni 39. Wote wawili wawili.

Lakini kizuizi kinachouma zaidi hakimo kabisa katika Katiba. Ni desturi ya Seneti iitwayo filibasta, ambayo kwayo wachache wanaweza kuuzuia mswada kwa kuukatalia mjadala usifungwe. Tangu 1975, kuufunga mjadala kunahitaji maseneta 60 kati ya 100, na kwa kuwa siku hizi chama chenye maseneta 60 ni kama mvua ya Januari huku pwani, miswada mingi mikubwa hufa bila hata kupigiwa kura ya mwisho.

Hili nawaombeni mlione kwa karibu. Tarehe 14 Desemba 2012, wiki tano na ushei baada ya Obama kuchaguliwa kwa muhula wa pili, kijana mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mjini Newtown, Connecticut, akaua watoto 20 wa miaka sita na saba, pamoja na watu wazima sita waliokuwa wakifanya kazi hapo. Rais alilia mbele ya kamera. Maseneta wawili, Joe Manchin wa Democratic, chama cha Obama, na Pat Toomey wa Republican, chama pinzani, wote wawili wapenda bunduki, wakaandika mswada wa kiasi kabisa: hakuna bunduki inayochukuliwa, hakuna aina inayopigwa marufuku, anayenunua katika maonyesho ya biashara au mtandaoni achunguzwe kama anavyochunguzwa anayenunua dukani. Kura za maoni zilionyesha Wamarekani takribani tisa kati ya kumi wakiunga mkono uchunguzi wa namna hiyo. Kura ilipigwa tarehe 17 Aprili 2013. Kwenye roshani ya wageni waliketi wazazi wa watoto waliouawa. Aliyekalia kiti cha spika wa Seneti alikuwa makamu wa rais, Biden mwenyewe. Waliosema ndiyo walikuwa 54, waliosema hapana 46, na Biden akalazimika kutamka kwa mdomo wake kwamba hoja haikufikia idadi inayotakiwa, imeanguka. Mwanamke mmoja aliyenusurika katika shambulio la bunduki la Tucson la mwaka 2011 alipaza sauti kutoka juu: "Aibu yenu!" Askari wa Bunge wakamtoa nje.

Hapo palikuwa na rais aliyetoka kushinda, wananchi wanaokubali, na wingi wa maseneta. Vyote vitatu havikutosha.

Msidhani kwamba ni Democratic peke yao wanaokutwa na haya. Republican walipiga kampeni miaka saba mfululizo wakiahidi kuifuta sheria ya bima ya afya ambayo Obama aliitia saini tarehe 23 Machi 2010. Mwaka 2017 walishika Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na safari hiyo walitumia njia maalumu ya miswada ya bajeti ambayo haihitaji kura 60. Usiku wa manane kuamkia tarehe 28 Julai, John McCain, Republican, shujaa wa vita, ambaye siku chache kabla alikuwa amegunduliwa ana saratani ya ubongo, aliingia ukumbini, akasimama mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono, akageuza kidole gumba chini. Ukumbi ukaguna. Kura 49 kwa 51. Walikuwamo maseneta wawili wanawake wa chama chake waliokataa pia, na ni haki kuwataja, Susan Collins na Lisa Murkowski, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kile cha McCain ndicho kilichokamilisha idadi.

Nikilitazama tukio lile hukumbuka jingine, katika ukumbi uleule, miaka 53 kabla yake. Tarehe 10 Juni 1964 Seneti ilikuwa ikipiga kura ya kuufunga mjadala wa mswada wa haki za raia, wa kukomesha ubaguzi wa rangi, uliozuiwa na maseneta wa kusini kwa siku 60 za vikao. Clair Engle, seneta wa California, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Naye alikuwa na uvimbe katika ubongo, na ulikuwa umemnyang'anya sauti. Jina lake lilipoitwa alijaribu kusema, akashindwa. Akainua mkono wake taratibu, akaligusa jicho. Katika Kiingereza, neno wanalolitumia Bungeni kwa ndiyo hutamkwa kama jicho. Karani akaandika ndiyo. Kura zilikuwa 71 kwa 29, na Engle alifariki kabla ya mwezi wa Agosti kuingia.

Nawaleteeni Engle kwa sababu mtu mwenye busara ataniambia: lakini siasa ya Marekani imewahi kubadilika, tena kwa kina. Ni kweli. Sheria ya haki za raia ya 1964 na sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 ziliigeuza nchi ile. Ila tuulize, ni uchaguzi gani uliozileta? Aliyezitia saini, Lyndon Johnson, hakuwa sura mpya. Alikuwa mtu wa Texas aliyekaa Bungeni zaidi ya miaka 20, aliyeongoza maseneta wa chama chake, akijua kila mmoja anapenda nini na anaogopa nini, na aliupata urais kwa kuuawa kwa John F. Kennedy na si kwa kura. Na hata yeye, Martin Luther King alipomtaka alete mswada wa kupiga kura mwishoni mwa 1964, alijibu kwamba wakati bado. Wakati ulifika tarehe 7 Machi 1965, askari walipowapiga waandamanaji kwenye daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, na taifa zima likaona kwenye televisheni. Siku nane baadaye Johnson alisimama mbele ya Bunge akaudai mswada uleule. Akautia saini tarehe 6 Agosti. Rais hakuwaongoza waliokuwa darajani. Aliwafuata, na sifa yake, nayo si ndogo, ni kwamba alijua kukamilisha kazi ambayo wengine waliianza kwa vichwa vyao vilivyopasuliwa.

Franklin Roosevelt ndiye mfano unaopendwa na wanaoamini nguvu ya uchaguzi mmoja. Alishinda mwaka 1932 kwa kura 472 kwa 59 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais rasmi, akaingia akiwa na Bunge lenye wingi mkubwa wa chama chake na benki zilizofunga milango. Siku 100 za kwanza zilizaa sheria ambazo marais waliomfuata bado wanapimwa nazo, nadhani kwa uonevu, maana hakuna aliyepata tena janga kama lile na Bunge kama lile kwa pamoja. Na yeye naye, baada ya kushinda kwa kishindo zaidi mwaka 1936, alijaribu mwaka uliofuata kuongeza majaji katika Mahakama ya Juu ili asizuiwe, na Seneti iliyojaa watu wake ikamkatalia.

Niseme kidogo kuhusu kanuni zenyewe za kupata madaraka, maana hapo ndipo rais alipo mdogo kabisa. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi Bush kwa kura za wananchi zaidi ya nusu milioni, na aliyeapishwa ni Bush, kwa tofauti ya kura 537 katika Florida, zilizompa wajumbe wa jimbo hilo. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa karibu milioni tatu, naye hakuapishwa. Utaratibu wa wajumbe 538 hauna wapenzi wengi, na mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 338 kwa 70, mabadiliko ya Katiba ya kuufuta. Rais Richard Nixon aliunga mkono. Mwaka uliofuata yakafia Seneti, katika filibasta. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya wabunge huchorwa majimboni kwenyewe, mara nyingi na mabunge ya majimbo, wala si Washington, na kuhusu fedha za kampeni, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2010, kwa kura 5 kwa 4, kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi hayawezi kuwekewa kikomo katika matumizi yao ya kujitegemea kwenye uchaguzi. Obama aliukosoa uamuzi huo hadharani, majaji wakiwa wameketi mbele yake. Uamuzi ukabaki palepale.

Kuna mlango mmoja wa nyumbani ambao rais anao kweli, nao ni majaji, kwa kuwa wanaoteuliwa hukaa maisha. Lakini hata ufunguo wa mlango huo una nakala mbili, na ya pili iko Seneti. Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alipofariki Februari 2016, Obama alimteua Merrick Garland, na Mitch McConnell, kiongozi wa wengi katika Seneti, hakumpa hata kikao. Trump alijaza nafasi hiyo, na nyingine mbili, ya mwisho ikiwa ya Amy Coney Barrett aliyethibitishwa siku nane tu kabla ya uchaguzi wa 2020 ambao Trump alishindwa. Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta haki ya kutoa mimba iliyodumu tangu 1973. Rais alikuwa Biden.

Sasa twende kwenye fimbo ya mbali, na hapa mtanisamehe nikikaa, kwa sababu ndipo inapotugusa.

Mwaka 1984, wakati wa mkutano wa idadi ya watu uliofanyika Mexico City, serikali ya Ronald Reagan ilitangaza kwamba shirika lolote la nje linalotoa huduma ya kutoa mimba, au hata kumshauri mwanamke kuhusu jambo hilo, halitapata fedha za Marekani za uzazi wa mpango, hata kama kazi hiyo linaifanya kwa fedha za mtu mwingine. Bill Clinton akaiondoa amri hiyo Januari 1993. Bush akairudisha Januari 2001. Obama akaiondoa Januari 2009. Trump akairudisha Januari 2017, tena akaipanua. Biden akaiondoa Januari 2021. Trump akairudisha Januari 2025. Mtaona kwamba mwezi ni uleule. Sisemi hapa nani ana haki. Humu ukumbini wamo wenye imani tofauti juu ya jambo lenyewe, nami ninaziheshimu. Nasema tu kwamba zahanati iliyoko mtaani Nairobi inaweza kufunguliwa, kufungwa na kufunguliwa tena kwa saini ya mtu mmoja, na kwamba kwa miaka 40 hakuna Bunge lililopata nguvu ya kutunga sheria ya kudumu upande wowote.

Wakimbizi ni hivyohivyo. Sheria ya 1980 inampa rais mamlaka ya kuweka kila mwaka kiwango cha juu cha wakimbizi watakaopokelewa, baada ya kushauriana na Bunge, na kushauriana si kuomba ruhusa. Obama aliweka 85,000 kwa mwaka wa fedha wa 2016. Trump akashusha hadi 15,000. Biden akapandisha hadi 125,000. Trump akarudi, akasimamisha mpango wote siku aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, kisha akaweka 7,500 kwa mwaka wa fedha wa 2026. Watu waliokwisha kuhojiwa, kupimwa afya na kukatiwa tiketi walifutiwa safari. Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko wote waliopokelewa katika mwaka wa fedha wa 2024, na siwezi kuwaelezeni habari hiyo ilivyopokewa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma. Wenye ndugu huko wanajua.

Na vita. Siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge lilipitisha azimio ambalo kiini chake ni maneno 60, la kumruhusu rais kuwapiga waliohusika na mashambulizi yale. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 420 kwa 1, na huyo mmoja, Barbara Lee wa California, alionya kwamba huko ni kumpa rais hundi isiyoandikwa kiasi. Azimio hilo likaja kutumika Somalia dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwapo. Wengi wetu hatukujua kwamba Wamarekani walikuwa na kambi Manda, kaunti ya Lamu, mpaka iliposhambuliwa tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakafa. Mwisho wa mwaka huo Trump aliamuru askari wake wapatao 700 waondoke Somalia. Mei 2022 Biden akaidhinisha mamia kadhaa warudi. Wanaokwenda na kurudi ni askari; maneno 60 yamekaa.

Najua pingamizi lililomo vichwani mwenu, na ni zito. Mtasema: Mwalimu, mtu huyu Trump ameibadili siasa ya Marekani mbele ya macho yetu, nawe wasema haiwezekani. Nakubali zaidi ya nusu. Amekigeuza chama chake, kilichokuwa kikihubiri biashara huria, kuwa chama cha ushuru, na ametumia mamlaka ya saini kwa kiwango ambacho wengi hatukukitarajia. Siku ya kwanza ya muhula wake wa pili alitoa msamaha kwa takribani watu 1,500 walioshtakiwa kwa uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021. Shirika la misaada la USAID, lililoanzishwa na Kennedy mwaka 1961 na baadaye kutambuliwa katika sheria za Bunge, lilivunjwa katika miezi michache, likafungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025 bila sheria ya kulifuta.

Lakini hebu tazameni ni nini kilichovunjika upesi na ni nini kilichokwenda kwa taabu. USAID ilivunjika upesi, na Bunge, ambalo ndilo lenye fedha, likajiunga kwa kufuta takribani dola bilioni 8 za misaada ya nje mwezi huohuo wa Julai. Sauti za haraka zilizosikika Washington zilikuwa za wawakilishi wa majimbo ya kilimo, kwa sababu sehemu ya chakula cha msaada hununuliwa mashambani kwao. Mtama wa Kansas ulipata mtetezi kabla ya mgonjwa wa Kisumu. Kwa upande wa nyumbani, sheria yake kubwa ya kodi na matumizi, aliyoitia saini tarehe 4 Julai 2025, ilipita Seneti kwa kura 51 kwa 50, makamu wake JD Vance akiwa ndiye wa 51, na ilipita kwa njia ileile nyembamba ya bajeti isiyohitaji kura 60. Haya ni mafanikio, sikatai. Ila ukiyapima, utaona kwamba kilichobadilika zaidi ni Bunge kuchagua kuinamisha kichwa, na Bunge linaloweza kuinamisha kichwa linaweza pia kukiinua, kama lilivyokiinua mbele ya Obama lilipokuwa mikononi mwa watu wake mwenyewe.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza usiku wa uchaguzi atazame nini, simwambii azime televisheni baada ya jina la rais kutangazwa. Namwambia hapo ndipo aanze kukaa vizuri, asubiri idadi ya Seneti, na miaka miwili baadaye akeshe tena, usiku ambao hapa kwetu hakuna anayekesha. Mwaka 2010, miaka miwili baada ya ile Alhamisi yetu, Republican walinyakua viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Asubuhi yake nilipita kwa kinyozi. Picha ilikuwa bado ipo juu ya kioo, imegeuka manjano pembeni, na redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira wa Uingereza. Nilimwambia kilichotokea. Akauliza kwani Obama ameondoka. Nikasema hapana, yupo. "Basi," akasema, akaendelea kunyoa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mikono imeshainuliwa kule nyuma; tuanze na yule dada aliyevaa bluu.